Mieleka ya kusalimisha: Kwa nini mwanamume mwenye misuli hugonga mkeka?

Wanaume wawili wenye vifua vipana wamelala mkekani, miguu na mikono imenasana kama mizizi. Hakuna ngumi wala teke. Ghafla mmoja wao anaupiga mgongo wa mwenzake kwa kiganja, mara mbili au tatu, na mwamuzi anawatenganisha. Pambano limekwisha. Mtazamaji asiyeujua mchezo huu hubaki akijiuliza: amekubali kushindwa kwa nini, ilhali haonekani hata kuumia?

Kwa wakazi wa Rusizi, mji wa magharibi mwa Rwanda ambao wengi bado huuita Cyangugu, swali hilo liko karibu kuliko wanavyodhani. Ng'ambo ya mto, upande wa Congo, ndiko Bukavu, alikozaliwa Popole Misenga mwaka 1992. Misenga ni mwanajudo aliyeshiriki michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016 akiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na wanamichezo 10.

Kuanguka si mwisho

Wanyarwanda wana mieleka yao ya jadi, gukirana. Kanuni yake inaeleweka hata kwa mtoto: anayemwangusha mwenzake ameshinda. Ardhi ndiyo mwamuzi.

Katika mieleka ya kusalimisha, kuanguka ni mlango tu wa kuingilia. Aliyeangushwa anaweza kushinda akiwa chini, hata akiwa amelaliwa. Lengo ni kumtia mpinzani katika mkao ambao akiendelea kukaidi, kiungo kitateguka au fahamu zitampotea. Ndipo hugonga. Judo, iliyoasisiwa na Mjapani Jigoro Kano mwaka 1882, huchanganya njia zote mbili: ushindi kamili, uitwao ippon, hupatikana kwa kumtupa mtu chali kwa nguvu, kwa kumbana chini sekunde 20, au kwa kumfanya asalimu amri.

Neno lenyewe hututaabisha sisi tunaotafsiri habari hizi. "Kusalimu amri" lina harufu ya vita, la jeshi lililoweka silaha chini. Vijana wanaocheza husema "kugonga" tu, na nadhani wako sahihi zaidi.

Kiwiko na shingo

Mbinu ni nyingi, lakini nyingi huelekea sehemu mbili za mwili.

Ya kwanza ni kiwiko. Mshambuliaji hulala kwa kukingama na mwili wa mpinzani, huukamata mkono wake, huubana katikati ya mapaja, kisha huinua nyonga. Msuli wa mkono mmoja, hata ungekuwa mnene kama gogo, sasa unashindana na mapaja, nyonga na mgongo wa mtu mzima. Ni hesabu ya wenzo, ileile ya mtu anayebingirisha jiwe kubwa kwa mtaimbo. Kiwiko kimeumbwa kukunjwa upande mmoja. Kikilazimishwa upande wa pili, kinachobeba mzigo wote ni kano, na kano haziongezeki unene kwa kunyanyua vyuma kama misuli inavyoongezeka.

Ya pili ni shingo. Waswahili wa mjini wanaijua kabali, ingawa wengi waliijulia kwa vibaka. Tofauti ni kwamba mchezaji stadi halengi koo. Anabana mishipa mikubwa miwili ya damu iliyo kandoni mwa shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Kabali ikikaa sawasawa, mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi, pengine bila maumivu makubwa. Hapo ndipo hatari ilipo: anayesubiri kuumia ili agonge anaweza kuchelewa.

Je, misuli haina faida? Inayo. Humsaidia mtu kujinasua mapema na kuchelewesha mtego. Lakini misuli mikubwa hula hewa nyingi, na mwenye pupa ya kutumia nguvu huchoka kwanza. Mwezi Agosti 2024 mjini Perth, Australia, Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria na bingwa wa zamani wa UFC, aligonga katika raundi ya nne baada ya Dricus du Plessis wa Afrika Kusini kumkamata kichwa na shingo kutoka nyuma. Wote wawili walikuwa na miili ya chuma.

Asiyetaka kugonga

Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio, Mjapani Masahiko Kimura alimpindua mkono Hélio Gracie wa Brazil, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Gracie alikataa kugonga, mkono ukaumizwa vibaya, na ilibidi watu wa upande wake warushe taulo ili kumwokoa. Mbinu ile hadi leo huitwa kimura. Wapo wanaomsifu Gracie kwa ujasiri. Mimi naona mkono ulioumizwa bila sababu.

Miaka 65 baadaye, Misenga aliingia uwanja huohuo katika sherehe za ufunguzi wa Olimpiki. Alikuwa mtoto vita vilipomtenganisha na familia yake; aliokolewa baada ya siku nane msituni, akapelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Amesimulia kwamba aliposhindwa mashindanoni, makocha wake walimfungia na kumpunguzia chakula. Mwaka 2013, akiwa Rio kwa mashindano ya dunia ya judo, aliamua kutorudi nyumbani na akaomba hifadhi.

Simulizi hiyo inaeleza jambo ambalo kanuni za mchezo haziandiki. Kugonga kunamlinda mchezaji pale tu ambapo kushindwa hakuadhibiwi. Kijana anayejua kwamba akipoteza atalala njaa ataacha kiwiko kiteguke.

Mwaka 2016, katika uzani wa kilo 90, Misenga alimshinda Avtar Singh wa India. Kisha alikutana na bingwa wa dunia wakati huo, Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Alistahimili takriban dakika nne kati ya tano kabla ya kushindwa kwa ippon. Watazamaji wa Brazil walimshangilia tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa wanaotaka kujaribu, walimu wa judo huanza na mambo mawili: namna ya kuanguka bila kuumia, na namna ya kugonga ili mwenzako asikie au aone. Mikono ikiwa imebanwa, mguu hugonga sakafu, au sauti hutosha. Katika nchi nyingi, watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa kukabana shingo wala kupindana viwiko. Anayeiga video za simu na marafiki uani, bila mwalimu, hana mwamuzi wa kumwachilia akizimia.