Daftari Halimwoni Asiyekuja

Ripoti nyingi za miradi ya vijana zina sentensi inayofanana: katika robo hii ya mwaka, vijana kadhaa wenye umri wa miaka 15 hadi 24 "walifikiwa" na huduma za VVU na afya ya akili. Kazi yangu ni tathmini, na nikiikuta sentensi hiyo huwa sisogei mbele. Kijana alifikiwa vipi? Alipewa kipeperushi kwenye bonanza la mpira? Alipima? Au aliulizwa kama siku hizi analala vizuri, akajibu ndiyo, akaondoka? Wote hao hukusanywa kwenye tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo inayosomwa jukwaani siku ya kufunga mradi.

Dawa ya ugonjwa huu wa kuhesabu ni ya zamani. Mwaka 1978, mtaalamu aitwaye Tanahashi aliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) kwamba huduma ipimwe kwa hatua. Kwanza, je, huduma ipo, na wahudumu na dawa wapo? Pili, mwenye shida anaweza kuifikia? Tatu, yuko tayari kuitumia? Nne, ameitumia? Tano, imemsaidia? Katika kila hatua kuna wanaobaki nyuma, na mtathmini mzuri hutaka kujua wamebaki wapi. Chukua mfano wa kubuni: vijana 100 wanaishi na VVU katika kata moja. Kliniki ipo kwa wote 100. Wanaomudu nauli na muda ni 80, walio tayari kuonekana pale ni 50, wanaokuja ni 45, na waliofubaza virusi ni 38. Mradi utaandika kwamba kata nzima ina huduma. Mwingine ataandika kwamba 38 kati ya 45 wamefubaza virusi, ambayo ni zaidi ya asilimia 80, na atapongezwa. Hakuna aliyedanganya, lakini vijana 55 hawamo katika sifa hizo za kliniki.

Hatua mbili za mwanzo sitazikalia sana. Umbali, nauli ya bodaboda na saa za kazi ni mambo yanayopimika, na dawa yake inajulikana: kliniki za Jumamosi kwa wanafunzi, na dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Nitakaa kwenye hatua ya tatu, kwa sababu hapo ndipo VVU na afya ya akili vinapokutana, na ndipo vipimo vyetu ni dhaifu zaidi.

Tazama ramani ya hospitali ya kawaida Tanzania. Kituo cha Tiba na Matunzo, yaani CTC, mara nyingi kina jengo lake, benchi lake na siku zake. Mtu akionekana kwenye benchi lile, habari imekwisha. Kliniki ya afya ya akili nayo iko upande mwingine, siku nyingine, na ina aibu yake: kijana anayeingia pale hutaniwa kwamba bado kidogo atapelekwa Milembe, kama watu wanavyoita Hospitali ya Mirembe ya Dodoma. Sasa mwambie binti wa miaka 17, ambaye tayari anajificha kwenye benchi la kwanza, kwamba ana dalili za sonona na Alhamisi aende akakae kwenye benchi la pili. Ataipokea karatasi ya rufaa kwa heshima zote. Kuipokea ni kitu kimoja na kuipeleka ni kingine.

Ndiyo maana swali ninalolipenda kuliko yote katika tathmini ya huduma hizi ni jepesi: kati ya waliopewa rufaa kutoka CTC kwenda afya ya akili, wangapi walifika, na baada ya siku ngapi? Vituo vingi haviwezi kulijibu. CTC ina namba yake ya mgonjwa na kliniki ya akili ina faili lake, na karatasi iliyokuwa iviunganishe imebaki kwenye mfuko wa sketi ya shule. Upande mmoja huhesabu rufaa zilizotolewa, upande wa pili huhesabu wagonjwa waliopokelewa, na ripoti huandika namba zote mbili kama mafanikio mawili.

Kuna jambo jingine linalofichwa na safu ile ya "miaka 15 hadi 24". Ndani yake kuna watu wasiofanana kabisa. Yupo kijana wa miaka 15 aliyezaliwa na virusi, amemeza dawa tangu hajui kusoma, na pengine kwa miaka mingi aliambiwa ni za kifua. Siku anayogundua ukweli, mara nyingi kwa kusoma mwenyewe maandishi ya kopo, anaumia kwa ugonjwa na kwa uongo wa watu anaowapenda. Yupo pia mwanamke wa miaka 23 aliyeambukizwa mwaka jana, aliyekwenda kliniki ya wajawazito, akapima, akarudi nyumbani na siri ambayo mumewe hajaisikia. Wa kwanza anahitaji mlezi anayejua namna ya kusema kweli mapema. Wa pili anahitaji mtu wa kumsaidia kupima hatari ya kusema na hatari ya kunyamaza. Ukiwapa wastani mmoja, utapata kijana wa kufikirika ambaye hakuna kliniki iliyowahi kumwona.

Wanafunzi wa bweni nao wana habari yao. Dawa zinamezwa kila siku kwa saa ileile, katika bweni ambamo tranka hukaguliwa na kopo la vidonge hulia ukilitikisa. Wengine huhamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni, wengine huruka siku. Kwenye kadi ya CTC itaandikwa "ufuasi hafifu", kana kwamba ni tabia. Mtathmini asiyefika shuleni atapendekeza semina ya umuhimu wa dawa kwa mtoto ambaye umuhimu wa dawa anaujua kuliko yeye.

Sheria imejaribu kusogeza mlango. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya UKIMWI ya Tanzania yalishusha umri wa kupima VVU bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na yakaruhusu watu kujipima wenyewe. Ni hatua kubwa, hasa kwa kuwa kujua hali ndiko kwenye tundu kubwa la vijana. Tafiti za kitaifa za nyumba kwa nyumba katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilizofanyika kati ya 2015 na 2017, zilionyesha kwamba chini ya nusu ya wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa na VVU ndio waliojua hali yao. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022/23 ulikuta picha nzuri zaidi kwa watu wote wa miaka 15 na kuendelea: 82.7% ya wanaoishi na VVU walijua hali zao, 97.9% ya hao walikuwa kwenye dawa, na 94.3% ya walio kwenye dawa walikuwa wamefubaza virusi. Angalia pengo liko wapi. Ukishaingia ndani mambo yanakwenda, shida ni walio nje.

Pengo hili lilionekana kwa sababu watafiti waligonga milango ya nyumba. Daftari la kliniki lisingeweza kulionyesha. Kuipima huduma kwa daftari lake lenyewe ni kama mvuvi kuipima bahari kwa samaki waliobaki kwenye wavu. Kwa afya ya akili udanganyifu huu ni mkali zaidi, kwa kuwa sonona yenyewe ndiyo inayomfanya mtu aache kuja. Anakata tamaa, anaacha dawa, anaacha kliniki. Mwakani kituo kinapima tena dalili za sonona kwa vijana wake na kukuta zimepungua. Huenda ushauri nasaha umefanya kazi. Huenda pia waliokuwa na hali mbaya hawamo tena chumbani. Kabla ya kusherehekea, nataka orodha ya majina ya mwaka wa kwanza na maelezo ya kila mmoja yuko wapi: yupo, amehama, ameacha, amefariki.

Kipimo cha dalili za sonona kinachotumika sana ni dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi huchukuliwa kuwa ishara kwamba mtu achunguzwe zaidi. Si kipimo cha kutoa jina la ugonjwa, ingawa nimesoma ripoti nyingi zinazoandika "wana sonona" kwa kila aliyefika 10. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Hilo haliulizwi na mtu asiyejua atafanya nini akijibiwa ndiyo saa tisa alasiri ya Ijumaa. Na jibu lenyewe lina kizuizi cha kisheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Ukimuuliza kijana kitu ambacho sheria inakiita kosa, na unayeuliza umevaa kitambulisho cha serikali, usishangae swali la tisa likijaa sifuri.

Wapo pia wanaopenda kuipima huduma kwa kutuma mteja wa siri, kijana aliyefundishwa kujifanya mgonjwa ili aone anavyopokelewa. Kwa kondomu au ushauri wa kupima njia hiyo hufichua mengi, hasa lugha ya mapokezi. Kwa mtu anayejifanya anataka kujiua siikubali. Inamtesa mhudumu, inamtesa aliyetumwa, na inachukua nafasi ya mwenye shida ya kweli.

Njia ipi basi inafaa? Zimbabwe ina mfano mzuri kuhusu matibabu, na mzuri zaidi kuhusu namna ya kupima. Huko, programu ya Zvandiri hutumia vijana wanaoishi na VVU kuwatembelea wenzao majumbani, kuwakumbusha kliniki na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha vijana waliopata msaada huo na waliopata huduma ya kawaida. Baada ya wiki 96, waliokufa au ambao virusi havikufubaa walikuwa 25% katika kundi la kwanza na 36% katika la pili. Nisisitize: waliokufa walihesabiwa. Kifo hakikuruhusiwa kuisafisha namba.

Kisha, mwaka 2022, ukachapishwa utafiti wa pili. Watafiti walitaka kujua kama vijana haohao wakifundishwa tiba ya mazungumzo, ile ya kutatua tatizo moja baada ya jingine kama inavyofanyika Harare kwenye mabenchi ambako watu huketi kupata ushauri, matokeo yataongezeka. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, lakini lililopata nyongeza halikulishinda jingine katika kufubaza virusi. Kwa mfadhili hiyo ni habari baridi. Kwangu ni dhahabu. Kama wasingekuwa na kundi la kulinganisha, wangetazama mwanzo na mwisho tu, wangeona virusi vimefubaa, na sifa zote zingekwenda kwa tiba mpya. Kumbe mwenzako anayefika mlangoni kwako tayari alikuwa amebeba sehemu kubwa ya kazi.

Kwetu Tanzania ipo Sauti ya Vijana, iliyoanzia Moshi kwenye hospitali ya KCMC. Vikao ni 10 vya kundi, viwili kati yake pamoja na walezi, na viwili zaidi vya mtu mmoja mmoja. Wanaoviongoza ni vijana waliofundishwa na kusimamiwa, si madaktari wa akili, ambao hatuna wa kutosha hata kwa hospitali zote za mikoa. Napenda hasa vile vikao vya walezi. Mtoto aliyedanganywa kuhusu dawa zake hatibiwi peke yake.

Jambo la mwisho ni la fedha. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili ifanyiwe mapitio, na shughuli nyingi za VVU zilizotegemea fedha hizo zikayumba. Katika kliniki nyingi, daktari na muuguzi hulipwa na serikali, lakini mwelimishaji rika, yaani yule mwenye simu ya mkononi anayemtafuta asiyekuja, hulipwa posho na mradi. Akiondoka yeye, dawa zinabaki kwenye rafu na mlango unabaki wazi. Viashiria vya robo inayofuata vinaweza hata kupanda, kwa kuwa wanaobaki ni wale wanaokuja bila kufuatwa, na aliyekuwa akiandika majina ya wengine hayupo.