Nafasi Moja, Faili Tatu
Mtu akiandika rm "picha za harusi.jpg" kwenye Linux, anataka kufuta faili moja. Sheli, yaani programu inayopokea amri, isipojali alama za kunukuu itatafuta faili tatu. Ole wake mwenye faili iitwayo za!

Wengi wanaojiundia sheli kwa lugha ya C hukimbilia strtok. Hiyo hukata mstari kila penye nafasi, basi. Haijui kama iko ndani ya alama au nje.

Dawa ni kusoma herufi moja moja huku programu ikikumbuka ilipo. Nafasi iliyo nje ya alama humaliza neno. Iliyo ndani hubaki sehemu ya neno. Alama zenyewe hutupwa, kisha maneno hupangwa katika safu inayoishia na NULL, kama execvp, inayoendesha programu, inavyodai.

Alama nazo hazilingani: echo '$HOME' huchapisha $HOME vilevile, lakini echo "$HOME" hutaja folda ya mtumiaji. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, ilizitofautisha hivyo hivyo.

Na alama isipofungwa? Sheli ya Bash husubiri mstari mwingine. Sheli ya kujiundia na itoe ujumbe wa kosa, isiendeshe chochote.