Aasif Karim: Aliitwa Tena Uwanjani Akiwa na Miaka 39

Mzee mmoja wa darasa letu alisikia habari za kriketi katika redio. Akaniuliza, "Mwalimu, huu ni mchezo gani unaochezwa kutwa nzima? Na vijana wetu hapa Karagwe na Kyerwa mbona hawaujui?" Swali lake ni zuri. Nitalijibu kwa kueleza habari za mtu mmoja wa Mombasa, maana kwa kumfuata yeye tutauelewa mchezo wenyewe.

Mtu huyo ni Aasif Karim. Alizaliwa Mombasa mwezi wa Desemba 1963. Alikuwa na vipaji viwili. Alicheza tenisi mpaka akaiwakilisha Kenya katika mashindano ya Kombe la Davis, na alicheza kriketi. Katika kriketi kazi yake ilikuwa kurusha mpira wa polepole kwa mkono wa kushoto.

Kwanza tuuone mchezo. Timu ni mbili, kila timu watu 11, kama katika mpira wa miguu. Lakini hapa timu hazishambuliani kwa pamoja. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Katikati ya uwanja pana njia fupi iliyoshindiliwa, urefu wake kama mita 20. Kila mwisho wa njia hiyo vimesimamishwa vijiti vitatu. Mpigaji anasimama mbele ya vijiti akiwa na gongo pana la mbao. Mrushaji anatupa mpira kutoka upande wa pili. Mpira wenyewe ni mgumu, umefunikwa kwa ngozi, uzito wake gramu 160 hivi. Si mpira wa kuchezea watoto huo!

Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanakimbia na kupishana kati ya vijiti. Kila wakipishana wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika mpaka nje ya uwanja ni mikimbio 4, ukiruka moja kwa moja bila kugusa chini ni 6. Mpigaji anatolewa mpira ukiangusha vijiti vyake, au akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini, au mguu wake ukiuzuia mpira ambao ungegonga vijiti. Ziko njia nyingine pia, lakini hizi tatu zinatutosha kwa leo.

Mrushaji hutupa mipira 6, kisha humpisha mwenzake. Mipira hiyo 6 huitwa ova moja. Katika mashindano ya Kombe la Dunia tunayoyaeleza hapa kila timu hupewa ova 50, yaani mipira 300, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10.

Sasa wapo warushaji wa aina mbili. Wa kwanza hukimbia kutoka mbali na kuutupa mpira kwa nguvu sana. Wa pili huja kwa hatua chache tu, akauzungusha mpira kwa vidole wakati wa kuuachia. Umewaona watoto wakicheza pia? Pia ikizunguka vizuri na kugusa jiwe, haiendi ulikotazamia, hukata kona. Mpira nao ni hivyo. Ukidunda chini huweza kugeuka kidogo, na mpigaji anakuta gongo lake limepiga hewa.

Kuna jambo jingine. Mpira wa kasi ukiguswa na gongo huruka wenyewe, kwa sababu umekuja na nguvu zake. Mpira wa polepole hauna nguvu za kukuazima. Lazima mpigaji atie nguvu zake mwenyewe, na akifanya haraka hukosea. Karim hakuwa fundi wa kuugeuza mpira sana. Ufundi wake ulikuwa kuudundisha mahali palepale, mpira baada ya mpira, mpaka mpigaji achoke kungoja.

Nchi zetu hazikuwa na nafasi kubwa katika mchezo huu. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, ilikwenda timu moja ya Afrika Mashariki yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilicheza mara tatu, ikashindwa mara tatu. Kenya peke yake ilifika Kombe la Dunia mwaka 1996. Wakati huo Karim alikuwa na miaka 32. Mwaka 1999 akawa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia. Kisha akastaafu. Watu wakaona basi, bwana huyu amemaliza.

Lakini kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2003, Kenya ilimwita tena. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Alikuwa na miaka 39 na alikuwa ameshaaga. Akirudi na kupigwa vibaya, watu watasema nini? Watasema mzee huyu alikuwa anatafuta nini kati ya vijana? Angeweza kukataa, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alikubali.

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Afrika Kusini, Kenya ilikutana na Australia. Hiyo ndiyo iliyokuwa timu kali kuliko zote duniani. Kenya ilianza kupiga. Mrushaji mmoja wa kasi wa Australia, Brett Lee, aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ikadhaniwa kazi imekwisha mapema. Steve Tikolo akasimama imara akapata mikimbio 51, na Kenya ikafika 174.

Australia ikaanza kupiga kwa kasi, na Adam Gilchrist akapata mikimbio 67. Ndipo Karim akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, nahodha wa Australia, kwa mguu mbele ya vijiti. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg kwa kuudaka mpira yeye mwenyewe. Australia ikawa na mikimbio 117 na watu watano wametoka. Uwanja mzima ulishangaa.

Chukua kalamu tupige hesabu. Siku hiyo Karim alirusha ova 8 na mipira 2. Sita mara nane ni 48, ongeza 2, ni mipira 50. Katika mipira hiyo 50 Australia ilipata mikimbio 7 tu! Ova zake sita zilipita bila mkimbio hata mmoja. Kama warushaji wote wa Kenya wangekuwa kama yeye, Australia kwa mipira yake yote 300 ingepata 42. Lakini hawakuwa hivyo. Australia ilifika 178 bila mtu mwingine kutoka, ikashinda. Mikimbio mingine yote 171 ilitoka kwa warushaji wenzake na makosa ya mchezo.

Hata hivyo, Karim ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku ile, ingawa timu yake ilishindwa. Na asidhani mtu kwamba Ponting alikuwa mgonjwa au hajui kupiga. Siku nane baadaye, katika fainali na India, Ponting huyohuyo alipata mikimbio 140 na hakutolewa.

Kenya nayo ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya nusu fainali. Ilicheza na India tarehe 20 Machi, palepale Durban, ikashindwa kwa mikimbio 91. Huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa Aasif Karim katika timu ya taifa. Safari hii hakurudi tena. Miaka kadhaa baadaye mwanawe, Irfan Karim, naye akaichezea Kenya, lakini yeye si mrushaji. Ni mpigaji, na hudaka mipira nyuma ya vijiti.