Karibu Nakuru: Salamu Kwanza, Pesa Baadaye

Wikendi ndefu ikikaribia au shule zikifungwa, barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru hujaa magari. Kuna wanaokwenda kuona vifaru, kuna wanaokwenda harusini, na kuna wale ambao wanataka tu kupumua hewa ya Bonde la Ufa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Vijana wanaiita Nax. Lakini jiji au si jiji, hapa bado ukiuliza bei bila kusalimu unaonekana umekosa adabu.

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu, kwa hivyo tunakupa vidokezo vya safari kutoka upande wetu. Tunaamini kwamba adabu ya mgeni na usalama wa pesa zake ni tabia moja. Anayesalimu, akauliza bei, akasoma jina kwenye skrini ndipo akalipa, amemheshimu mwenyeji na amejilinda mwenyewe. Anayefanya haraka huumia, au huumiza mwingine.

Kabla hujatoka nyumbani

Nakuru iko karibu kilomita 160 kutoka Nairobi, na imeinuka karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kama unatoka Mombasa au Kisumu, beba sweta. Jua la mchana lisikudanganye, jioni baridi inauma.

Chaji simu ijae na ubebe pawabenki. Siku hizi simu ndiyo pochi; ikizima, umekwama. Beba pia kitambulisho, kwa sababu wakala atakiomba kabla ya kukupa pesa, na noti chache ndogo za dharura. Mtandao ukipotea, mwenye elfu kumi kwenye simu na asiye na kitu wote wanatembea kwa miguu.

Njiani

Ukifika stage, uliza nauli kabla ya kupanda. Nauli ya matatu hupanda msimu wa sikukuu na hata mvua ikinyesha, na kugombana na konda mkiwa tayari mmefika Gilgil hakusaidii mtu. Lipia kwa nambari ya sako iliyoandikwa ofisini au garini. Mtu akikufuata nje ya stage akisema, "Tuma kwangu nikukatie tiketi," mwambie asante na uendelee na safari yako.

Pale Soko Mjinga na kwenye ukingo wa bonde, wauzaji hukimbilia madirisha wakiwa na viazi, karoti na plamu. Hapa tunakuomba uwe muungwana zaidi. Gari linanguruma, dereva anapiga honi, na mama ameshakupa karoti zake. Mlipe kwanza, kisha mwombe dereva asubiri hadi meseji iingie kwenye simu ya mama. Kwako ni dakika moja. Kwake, gari likiondoka kabla pesa haijaingia, faida ya siku nzima inaweza kuwa imepotea.

Na tuseme hili waziwazi: kulipa, kubeba mzigo, kisha kuomba malipo yarudishwe ni wizi. Huduma ya kurudishiwa pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Haikuwekewa wajanja.

Salamu zinafungua milango

Nakuru ni mchanganyiko wa watu. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, mji ukatangazwa rasmi 1904, na tangu hapo watu wamekuja kutoka kila upande: Wakalenjin, Wakikuyu, Wamaasai, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kwenye matatu.

"Habari ya asubuhi" inatosha kokote. Mwanamke aliyekuzidi umri ni "mama", mwanamume aliyekuzidi ni "mzee", na mwendesha boda hatakasirika ukimwita "boss". Ukijua "chamgei" ya Kikalenjin au "wĩ mwega" ya Kikuyu, vizuri sana, lakini jua kwanza unaongea na nani.

Halafu usishtuke konda akiita, "London, London!" Ni mtaa wa hapa hapa Nakuru. Huhitaji viza.

Jina kwenye skrini lina kazi moja tu

Ukiingiza nambari, simu hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujamaliza malipo. Lisome. Uliza, "Jina ni hili?" Akikubali, maliza. Jina likiwa tofauti, simamisha malipo na mwulize vizuri. Huenda till ni ya mwenye duka au simu ni ya mume wake. Kuuliza si kumshuku mtu. Wafanyabiashara wamezoea, na hata wao watakuomba usubiri meseji yao iingie. Usikasirike na usimwonyeshe skrini yako kama ushahidi, kwa sababu meseji feki zimewachoma wengi.

Ukishathibitisha malipo, jina hilo limemaliza kazi yake. Halikupi ruhusa ya kusema, "Ahaa, kumbe wewe ni wa kule!" Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008, watu wakiwindwa kwa ajili ya kabila lao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya waliofurushwa makwao. Baadhi ya watu utakaonunua kwao leo walikuwepo. Wewe unaweza kudhani unatania tu, lakini anayetaniwa anakumbuka. Soma jina, sema asante, basi.

Vilevile, nambari ya simu uliyoipata kwa sababu ya malipo si mwaliko. Usimtumie dada wa kibandani "niaje mrembo" saa nne usiku. Alikupa nambari umlipie chapati. Kama ni wewe hupendi nambari yako ionekane na kila mtu, uliza kama wana till au lipa kwa noti.

"Tuma na ya kutoa"

Utasikia maneno haya kwa boda, kwa tuktuk na kwa mama mboga. Maana yake ni kwamba ukilipa kwenye simu yake ya kawaida, uongeze ada atakayokatwa akienda kutoa pesa kwa wakala. Si tamaa. Kwa mtu anayepata faida ya shilingi ishirini, ada hiyo ni pesa kubwa.

Adabu ni kukubaliana mapema: "Ni mia moja na ya kutoa, ama mia moja tu?" Mkikubaliana, usibadilishe mkifika. Kama ana till, litumie. Kwa kawaida mteja hakatwi ada, na yeye anabaki na rekodi ya mauzo yake.

Mahali pa kwenda

*Mbuga ya Ziwa Nakuru.* Ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, na ni kati ya mahali pazuri zaidi Kenya pa kuona vifaru, weusi na weupe. Usije ukitarajia ufuo wote wa waridi kama kwenye picha za zamani. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakameza barabara na majengo, na flamingo wengi wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Kiingilio hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hivyo lipa mapema ukiwa na mtandao mzuri, na uhakikishe uko kwenye tovuti halisi ya serikali. Acha chupa za plastiki nyumbani: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020.

*Menengai.* Ukingo wa juu unafika mita 2,278, na ukichungulia chini unaona shimo la volkeno lenye upana wa kilomita kadhaa. Wenyeji wana masimulizi mazito ya vita vya Wamaasai na ya mizimu. Sikiliza bila kucheka. Kama unapanda na boda, elewaneni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, zote tatu, kabla hajawasha pikipiki.

*Hyrax Hill.* Mary Leakey alichimba hapa mwaka wa 1937, na kuna jumba dogo la makumbusho. Panafaa familia yenye watoto.

Popote uendapo, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Akikataa, weka simu mfukoni. Akikubali akataja bei, kubali au kataa kabla ya kupiga.

Mezani

Nyama choma haina haraka. Unachagua nyama buchani, inapimwa kwa kilo mbele yako, unakubali bei, kisha unasubiri. Uliza kama kachumbari na ugali vimo kwenye bei hiyo. Nawa mikono, na mtu akikukuta unakula mwambie, "Karibu." Mkiwa kundi, mmoja alipe till yote na wengine wamtumie yeye. Malipo madogo sita kwa bili moja yanamchanganya mhudumu, na yeye ndiye hudaiwa pesa zisipotosha.

Kosa likitokea

Ukituma kwa nambari isiyo yako, usimpigie mtu kelele. Wasiliana na kampuni yako ya malipo mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Na mgeni akikupigia akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimtumie chochote. Angalia salio lako, si meseji. Hata kama pesa zimeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni yake. Hiyo ndiyo njia salama kwenu nyote wawili.

Nambari ya siri usimtajie mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu, wala usimpe mtu simu yako akusaidie kulipa.

Ukiwa Nakuru, tembea polepole, salimu, uliza, soma jina, lipa, shukuru. Wenyeji watakukumbuka kwa hilo, na mara ya pili watakuita wenyewe.

Safari njema!