Fanusi Isiyowashwa: Majira ya Mwisho ya Mchungaji Austen Kando ya Bahari

Kati ya barua zipatazo 160 za Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ambazo hazikupotea wala kuchomwa moto, ni moja tu iliyosalia kutoka kipindi kirefu kinachoanza mwishoni mwa Mei 1801 na kuishia Januari 1805, nayo iliandikwa tarehe 14 Septemba 1804 huko Lyme, mji mdogo wa pwani ya Dorset, kusini mwa nchi hiyo. Ni barua ya binti wa kasisi kwa dada yake, na ndani yake hamna posa, hamna msiba, wala hamna habari za vita vilivyokuwa vikipiganwa dhidi ya Napoleon. Mna kuoga baharini, kifuniko kilichovunjika, uchafu wa nyumba ya kupanga, dansi ya Alhamisi usiku, na mzee mmoja anayerudi nyumbani kwa miguu na fanusi ambayo, kwa kadiri binti yake alivyojua, haikuwashwa. Fanusi hiyo ndiyo iliyozaa makala haya, kwa sababu ni vigumu kuisoma habari yake mara moja na kuiacha.

Mzee huyo ni Mchungaji George Austen, aliyezaliwa mwaka 1731 na kuhudumu kwa takriban miaka 40 katika parokia ya Steventon, kijiji cha Hampshire, akiwa rekta, yaani kasisi wa Kianglikana mwenye haki ya kupokea zaka zote za parokia yake na kuishi kwazo. Zaka hizo hazikutosha kulea watoto wanane, hivyo kwa zaidi ya miaka 20 yeye na mkewe Cassandra Leigh waliwapokea nyumbani wavulana wa watu wengine, wakawalisha na kuwafundisha, huku wakiendesha na shamba. Mwaka 1801, akiwa anafikia miaka 70, aliikabidhi kazi ya parokia kwa mwanawe mkubwa James, akauza vitu vya nyumba pamoja na vitabu vyake vipatavyo 500, akahamia mji wa Bath na mkewe na mabinti zake wawili ambao hawakuwa wameolewa. Tangu hapo, majira ya joto yalipofika, familia iliondoka Bath na kuelekea baharini, Devon kwanza na baadaye Lyme.

Desturi ya kwenda baharini kwa ajili ya afya haikuwa ya kale kwa Waingereza. Katikati ya karne ya 18 daktari Richard Russell aliandika kitabu kilichosifu maji ya bahari kuwa dawa ya maradhi ya tezi, ya kuogwa na hata kunywewa, na kwa muda mfupi vijiji vya wavuvi vikageuka miji ya wageni. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye kwake bahari ni shamba na njia ya safari tangu enzi za mababu, si rahisi kuwaza bahari inayoandikwa na daktari pamoja na kipimo cha saa na siku, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vita navyo vilichangia: amani fupi na Ufaransa ilipovunjika Mei 1803, Waingereza waliozoea kuvuka mlango wa bahari kwa matembezi walifungiwa katika kisiwa chao, wakajaa katika fukwe zao wenyewe.

Muogaji, hasa mwanamke, hakutembea tu mchangani na kuingia majini. Alipanda ndani ya kibanda cha mbao chenye magurudumu, akafunga mlango, akabadilisha nguo gizani huku farasi akikikokota kibanda hadi maji yalipofika kiasi cha kumsitiri, kisha akashuka kwa ngazi upande wa baharini, ambako mara nyingi alisubiriwa na mwanamke mwenye mikono yenye nguvu ambaye kazi yake ilikuwa kumshika na kumzamisha. Ilikuwa tiba, na watu wengi waliivumilia kama wanavyovumilia dawa chungu. Jane Austen, aliyekuwa na miaka 28, hakuivumilia, aliipenda. Anamwambia dada yake kwamba maji ya asubuhi hiyo yalikuwa matamu mno, na kwamba Molly alimhimiza kwa bidii ajifurahishe, hata akakaa majini kupita kiasi, na tangu mchana amekuwa na uchovu usio na sababu, kwa hiyo kesho yake hataoga kama alivyokusudia. Je, Molly alikuwa mtumishi wa nyumbani, au mmoja wa wale wanawake wa kuzamisha? Barua haisemi, maana dada aliyeipokea alimjua. Kinachobaki ni sauti ya mwanamke asiye na cheo ikimsihi mwenzake akae majini kidogo zaidi, na mwenzake akikubali.

Dada huyo, Cassandra, alikuwa amekwisha kuondoka Lyme pamoja na kaka yao Henry na mkewe Eliza kwenda Weymouth, mji mkubwa zaidi uliopata jina baada ya Mfalme George III kwenda kuoga huko mwaka 1789. Jane, aliyebaki na wazazi, anasimulia jinsi anavyojitahidi kushika nafasi ya dada yake kama msimamizi wa nyumba. Anausaka uchafu ndani ya chupa ya maji kwa kasi yote anayoweza, na anampa mpishi dawa ambayo mpishi anaitapika. Nyumba waliyopanga haimpendezi, kwa maana hakuna kinachouzidi ubaya wa jiko na vyumba vya watumishi isipokuwa uchafu wa nyumba nzima, samani zake na wote wakaao humo. Homa ndogo iliyompata anaieleza kuwa ya lazima, kwa kuwa wiki hiyo Lyme nzima ilikuwa nayo, kama mtu anayezungumzia mtindo mpya wa kofia. Anamtembelea binti mmoja aliyefahamiana naye na kumkuta mama yake akirekebisha soksi muda wote wa maongezi, naye anaamua kutolitaja jambo hilo nyumbani, asije mama yake mwenyewe akalichukua kama mfano wa kufuata badala ya onyo. Mwandishi aliyekuja kusomwa duniani kote yumo humu tayari, akiwa hana kitabu hata kimoja kilichochapishwa, akichuma kila kitu kinachopita mbele ya macho yake.

Kuna pia suala la kifuniko. Kitu fulani katika nyumba ya kupanga kilivunjika kifuniko, akaitwa fundi Anning akadirie hasara, naye akataja shilingi tano, kiasi ambacho familia iliona kinazidi thamani ya samani zote za chumba hicho zikiunganishwa, hivyo wakapeleka shauri kwa mwenye nyumba. Fundi huyo ni Richard Anning, seremala wa Lyme, ambaye kipato chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba alikiongeza kwa kuokota katika majabali ya pwani masalia ya viumbe vya kale vilivyogeuka mawe na kuwauzia wageni. Binti yake Mary alikuwa na miaka mitano wakati huo. Miaka michache baadaye, kati ya 1811 na 1812, binti huyo na kaka yake walifukua mifupa ya iktiosauri, mnyama wa baharini wa jamii ya reptilia aliyetoweka zamani za kale, na kazi ya maisha yake ikasaidia kubadili mawazo ya wanasayansi kuhusu umri wa dunia. Familia ya kasisi na familia ya seremala zilikutana kwa sababu ya shilingi tano, kila upande ukiwa na binti ambaye jina lake lingedumu kuliko la baba yake, na hakuna aliyejua.

Sasa ije fanusi yenyewe. Dansi za Lyme zilifanyika katika ukumbi wa hadhara, na familia ilikwenda muda mfupi baada ya saa mbili za usiku. Dansi mbili za kwanza hakuna aliyemwomba Jane acheze. Mbili zilizofuata alicheza, na angependa kubaki angecheza zaidi, hata na mwanamume mmoja mgeni, wa sura isiyo ya kawaida, aliyemtazama kwa muda mrefu kisha akamwendea bila kutambulishwa. Baba alikaa kwa furaha hadi saa tatu na nusu. Ndipo akainuka, akaondoka kwa miguu pamoja na James, mtumishi wao, na fanusi, yaani taa ya kubeba ambayo mshumaa wake hukingwa ili upepo usiuzime. Jane anaongeza kwamba anadhani fanusi haikuwashwa, kwa kuwa mwezi ulikuwa umetoka, lakini huenda siku nyingine fanusi hiyo ikamfaa sana baba yake. Yeye na mama yake walibaki kiasi cha saa moja zaidi.

Kwa nini aliandika hayo? Habari ya dansi ingekamilika bila fanusi, na Cassandra asingepungukiwa na chochote kama angeambiwa tu kwamba baba alirudi mapema. Maneno yenyewe yanaonyesha kwamba fanusi ilikuwa imezungumzwa ndani ya familia, kama kitu kilichonunuliwa karibuni au kilichobishaniwa, na kwamba binti alitaka kuitetea hata katika usiku ambao haikuhitajika. Huenda macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu. Huenda mabinti walihofia mitaa ya Lyme, ambayo inateremka kwa mwinamo mkali kuelekea baharini, chini ya miguu ya mtu wa miaka 73. Yote hayo yamo nyuma ya sentensi moja isiyotaja hofu hata kidogo. Upendo wa binti kwa baba umewekwa katika chombo cha nyumbani, ukaachwa hapo bila kuelezwa.

Na huyo aliyetembea naye, James, hakuwa kivuli tu. Jane anasema mtumishi huyo ndiye furaha ya maisha yao, kwamba viatu vya mama havijapata kung'aa hivyo, kwamba ni mwangalifu, mwepesi na mtulivu. Anajua kusoma, na Jane anatafuta vitabu vya kumpa, ila kwa bahati mbaya amekwisha kusoma juzuu ya kwanza ya riwaya ya Robinson Crusoe. Basi ataazimwa gazeti ambalo familia hulipata kwa majirani. Mchana James alikwenda na mtumishi mwenzake Jenny kwa miguu hadi Charmouth, kijiji cha jirani. Kwa hiyo mapumziko ya bahari yaliwafikia watumishi pia, walau kwa alasiri moja, na binti wa kasisi aliona inafaa kuliandika hilo.

Kumbukumbu za kiangazi hicho zilikaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kuzaa matunda. Katika riwaya ya Persuasion, iliyotolewa mwishoni mwa 1817, miezi mitano baada ya Jane kufariki, kundi la marafiki linakwenda Lyme, linatembea juu ya Cobb, ambalo ni gati la kale la mawe lililopinda kama mkono unaokumbatia bandari, na msichana mmoja anaruka kutoka kwenye ngazi zake na kuanguka. Barua ya 1804 inaonyesha Jane mwenyewe akitembea juu ya gati hilo kwa saa nzima pamoja na rafiki. Cassandra, kwa upande wake, uzeeni aliwadokezea jamaa kwamba wakati fulani wa miaka hiyo, katika mji wa pwani ya Devon, dada yake alikutana na mwanamume aliyempenda na aliyestahili kupendwa naye, na kwamba baada ya muda mfupi ikaja habari ya kifo chake. Jina hakulitaja. Yeye ndiye aliyechoma sehemu kubwa ya barua za Jane miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 1845, naye ndiye aliyeiacha hii ya Lyme. Je, aliiona haina siri, au aliipenda kwa sababu baba yumo ndani yake akiwa na furaha?

Maana ndiyo ya mwisho iliyosalia kuandikwa baba akiwa hai. Familia ilirudi Bath, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 19 Januari 1805 Mchungaji Austen alishikwa na homa. Jumatatu asubuhi alifariki, akazikwa katika kanisa la Walcot, parokia ile ile alikofungia ndoa mwaka 1764. Mapato ya kasisi yalikoma pamoja na pumzi zake, kama ilivyokuwa sheria ya ajira hiyo, na Jane hakuwa na kipato chake mwenyewe, hivyo kaka zake wakachangishana kwa mwaka: Edward pauni 100, na James, Henry na Francis pauni 50 kila mmoja. Safari za kila mwaka za baharini pamoja na baba zilikuwa zimekwisha.

Tarehe 29 ya mwezi huo Jane alimwandikia Francis, aliyekuwa afisa katika jeshi la majini, kumwambia kwamba mama amepata katika vitu vichache vya baba kimoja ambacho angependa awe nacho kwa ajili ya kumbukumbu. Kilikuwa dira yenye saa ya jua ndani ya kasha jeusi la ngozi, nayo iliambatana na mkasi. Fanusi haikutajwa.