MABENCHI YA UANI KWA MABAKI YA UJENZI

Jengo likiisha, fundi huenda zake na vyombo vyake, akaacha nyuma fungu la vitu visivyo na mwenyewe: nguzo za mikaratusi zilizokuwa za jukwaa, mbao zilizozuia zege, zimegandwa na saruji, matofali nusunusu, vipande vya nondo, misumari iliyopinda. Mwaka 2020 serikali yetu ilianza kujenga madarasa zaidi ya 22,000 katika Rwanda nzima, na mafungu ya namna hiyo yakawa mengi, hata huku kwetu Rwimbogo, katika Wilaya ya Rusizi, nchi iliyokuwa chini ya Mkoa wa Cyangugu mpaka mwaka 2006. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi mabaki hayo yawezavyo kuwa benchi la kukaa nje, tena benchi la kudumu.

Jambo hili si la mchezo. Katika shule nyingi za vijijini wanafunzi hula chakula cha mchana wamechuchumaa chini ya mti, sahani mkononi. Siku ya mkutano wa wazazi, bibi aliyepanda mlima kwa mguu tangu asubuhi husimama juani mpaka aitwe. Fedha za shule huenda kwenye vitabu na chaki. Benchi la uani halina fungu lake.

Lakini mabaki hayo yana mdai mwingine, naye ni mpishi. Nguzo kavu ya mkaratusi ni kuni nzuri mno, na chungu cha maharagwe ya shule nzima hakipikwi kwa maneno. Mimi naona njia ya haki ni hii: kila kipande kipitacho urefu wa mkono wa mtu kiwekwe kwa ajili ya kazi, na vifupi vyote apewe mpishi. Ila mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa asipewe hata kidogo, maana moshi wake una sumu.

Sasa, yatupasa kumjua adui. Watu wengi hudhani benchi la nje huvunjika kwa uzito wa wakaao. Sivyo. Tazama benchi bovu lolote, utaona kiti chake ni kizima bado, lakini miguu imeoza pale inapoingia ardhini. Mti hunywa maji kwa kichwa chake, yaani pale ulipokatwa, kama vile utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Mguu uliozikwa katika udongo hunywa maji mvua zote za Machi mpaka Mei, haujakauka vizuri, mara Septemba mvua zimerudi. Hapo ukungu hupata makao, na mchwa huingia kwa chini bila kuonekana na mtu. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, nami naishika kuliko zote, ni kwamba mguu wa mti usiguse udongo. Usimamishe juu ya jiwe bapa, au juu ya matofali mawili, au mimina zege kidogo katika kopo kuukuu na kuuweka juu yake. Kisha paka vichwa vya miguu rangi yo yote iliyobaki. Wengine hupaka oili chafu ya motokaa. Mimi siipendi, maana huharibu udongo na kuchafua nguo.

Katika kuchagua miti, menya maganda yote ya nguzo, kwa sababu wadudu hujificha chini yake na maji hukaa humo. Piga nguzo kwa jiwe. Ikilia kwa sauti kavu ni nzima, ikijibu kwa sauti nzito ya kuchoka iache. Mbao za zege uzikwangue kwanza kwa panga kuukuu, la sivyo saruji italila meno ya msumeno wako kabla ya adhuhuri. Na kuna kitu kimoja ambacho hakifai kwa benchi wala kwa meza: vipande vya paa za zamani za asbesto, zile za kijivu zenye mawimbi, ambazo serikali imekuwa ikiziondoa. Usizikate, usizivunje. Vumbi lake huingia mapafuni, na ugonjwa wake, pamoja na kansa, hutokea baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau.

Benchi la watu watatu lataka mbao mbili za urefu wa mita moja na nusu. Kimo cha kiti kiwe sentimeta 42 au 45. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya kidole ili maji yapite. Ubao wa zamani mara nyingi umekwisha kupinda. Basi weka mgongo wake juu na tumbo lake chini, maji yateremke badala ya kutuama. Miguu isiwe mbali sana na ncha za benchi. Ncha ikizidi shibiri moja kupita mguu, mtu akikaa mwishoni peke yake benchi litainuka upande wa pili na kumtupa, na watoto wadogo watacheka, lakini bibi wa watu hatacheka.

Misumari iliyopinda hunyoshwa juu ya jiwe kwa nyundo ndogo, polepole, nayo ni kazi nzuri ya kumpa mwanafunzi asiye na subira. Urefu wa msumari uwe mara tatu ya unene wa ubao unaoushika. Mkaratusi mkavu ni mgumu, hupindisha msumari au kupasuka. Toboa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari. Kama keekee hakuna, gonga ncha ya msumari kidogo iwe butu. Ncha kali hutanua nyuzi za mti kama shoka, lakini ncha butu huzikata na kupita.

Benchi jipya likitikisika, watu huongeza misumari. Ni kazi bure, maana umbo la pembe nne hulala upande hata likipigwa misumari mia. Umbo la pembe tatu halilali. Pigilia kipande kimoja cha mshazari toka chini ya mguu mmoja mpaka chini ya kiti, na kingine upande wa pili, nalo litasimama imara. Mwaka 1974 Mwitalia mmoja, Enzo Mari, alitoa michoro ya viti, meza na vitanda ambavyo mtu ye yote angeweza kujipigia kwa mbao za kawaida na misumari. Aliyeitaka alituma stempu za posta tu. Ukiitazama michoro ile utaona vipande vya mshazari karibu kila mahali.

Huku kwetu kwenye milima, ardhi iliyo sawa ni adimu. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata mahali penye mabonde, kwa kuwa miguu mitatu hugusa chini yote daima, lakini wa nne hutafuta pa kukanyaga. Kwa benchi refu mlimani mimi nasifu zaidi nguzo mbili za matofali nusunusu, moja fupi upande wa juu na moja ndefu upande wa chini, na mbao zikalazwa juu yake. Mchwa hawali tofali. Siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mikono ikiwa mingi, nguzo kama hizo huinuka mapema.

Kila mwaka mwezi wa Julai, ardhi ikiwa kavu, lipindue benchi la miguu ya mti ulitazame chini. Choma miguu kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, kata mguu hapo palipo pabovu mpaka ufike penye mti mweupe mkavu, uipunguze na mingine iwe sawa nao, kisha ongeza tofali moja chini ya kila mguu.