Mtoto wa Plastiki na Dakika ya Kwanza

Ni saa nane na nusu usiku katika zahanati ndogo kando ya msitu wa Kaptagat. Mama wa miaka 22, mimba yake ya kwanza, ameletwa kwa bodaboda baada ya kushinda na uchungu kutwa nzima. Muuguzi wa zamu ni mmoja. Stima imepotea tangu jioni, na baridi ya huko haina mchezo. Saa tisa kasorobo mtoto anazaliwa. Amelegea, ana rangi ya samawati, wala halii. Utafanya nini, kwa mpangilio gani, na kwa sababu gani?

Kisa hicho nimekibuni. Hata hivyo, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ataitambua sura yake mara moja, kwa kuwa masomo yake yamejengwa juu ya visa vya namna hiyo. Kitivo cha Sayansi za Afya cha Moi kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1967. Wale wa Eldoret, chini ya mkuu wa kwanza wa kitivo, Profesa Haroun Mengech, hawakutaka kuiga. Walichukua mfumo ulioelezwa na Ronald Harden wa Dundee, Scotland, mwaka 1984: mwanafunzi awe ndiye mtafutaji, somo lianzie kwenye tatizo la mgonjwa badala ya sura ya kwanza ya kitabu, na sehemu ya mafunzo ifanyike kijijini. Kuanza na tatizo kulikuwa kumejaribiwa tayari katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969.

Darasani mambo huwa hivi. Wanafunzi wachache wanaizunguka meza, mmoja anaendesha kikao, mwingine anaandika ubaoni. Kisa kinasomwa kwa sauti. Mhadhiri yupo, ila kazi yake ni kuuliza. Mtoto ana rangi ya samawati kwa nini? Kwa sababu damu yake haina oksijeni ya kutosha. Na dakika tano zilizopita aliipata wapi? Kwa mama, kupitia kondo la nyuma. Mbona basi mapafu hayajaanza kazi? Hapo meza inanyamaza, na mwandishi anaongeza mstari ubaoni: mzunguko wa damu ya kichanga kabla na baada ya kuzaliwa. Hilo linakuwa deni. Kila mmoja ataondoka nalo, atasoma, na siku chache baadaye watarudi kulipana.

Jibu lenyewe ni mojawapo ya maajabu ya mwili. Ndani ya tumbo la mama, mapafu ya mtoto yamejaa maji na damu nyingi inayapita kando. Pumzi za kwanza huyasukuma maji hayo yapenye kwenye tishu, hewa inaingia, mishipa ya mapafu inafunguka, na damu inabadili njia yake. Yote hayo ndani ya muda mfupi sana. Pumzi hiyo isipokuja, moyo unaanza kupunguza mwendo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mtoto huyu ni hewa, kabla ya sindano yoyote na kabla ya kutafuta gari la rufaa. Mwanafunzi aliyelifikia jambo hili kwa kulitafuta mwenyewe halisahau upesi, na hapo naiona nguvu ya mfumo huu.

Lakini mtoto wa kwenye karatasi ana subira. Anaweza kungoja hadi Alhamisi kikundi kitakapokutana tena. Wa Kaptagat hangoji. Ana dakika moja, ambayo wakunga waliofunzwa huiita dakika ya dhahabu: ndani yake awe amekaushwa, amesuguliwa mgongo, njia ya hewa imesafishwa ikihitajika, na kama bado hapumui, awe ameanza kupuliziwa hewa. Kujua kwa nini ni kazi ya kichwa, kufanya ni kazi ya mikono, na mikono haifundishwi mezani.

Walimu wa udaktari waliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1963, Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Los Angeles, alimfundisha mwanamke mzima wa afya kuigiza mgonjwa aliyepooza miguu, kisha akawaacha wanafunzi wampime kana kwamba anaumwa kweli. Wenzake wengi hawakupendezwa. Barrows baadaye alihamia McMaster na kuwa nguzo ya kufundisha kwa visa, kwa hiyo karatasi na mgonjwa wa kuigiza zilipita katika mikono ya mtu mmoja. Mwaka 1975 Harden naye akaandika kuhusu mtihani wa vituo, ule wanafunzi wanaouita oski: kengele inalia, unaingia kituo kimoja, unampima mgonjwa au mwanasesere kwa dakika chache huku msahihishaji akiweka alama kwenye orodha, kengele inalia tena, unahama.

Mwanasesere ninayemkusudia hapa anaitwa NeoNatalie, na ametengenezwa Norway na jamaa wa Laerdal, kampuni ileile iliyoutolea ulimwengu Resusci Anne mwaka 1960. Kwa macho ni kitu duni: plastiki laini inayokunjika ikaingia mfukoni. Ukimjaza maji ya vuguvugu anabadilika. Anapata uzito wa kichanga, kichwa kinaangukia nyuma usipokishika, miguu inaning'inia. Mwalimu ana vibonyezo vidogo vya mpira: kimoja kinamliza, kingine kinapandisha kifua, kingine kinapigisha kitovu ili upime mapigo ya moyo kwa vidole viwili. Mwanafunzi anaweka barakoa ndogo ifunike kidevu, mdomo na pua, anaminya ule mfuko wa hewa ambao wauguzi huuita ambu, na anatazama kifua. Mara nyingi kifua hakipandi. Ama hewa inavujia pembeni mwa barakoa, ama kichwa kimeinamishwa mno. Anarekebisha, anaminya tena, kifua kinapanda. Pumzi kama 40 kwa dakika. Ukimtazama mtu usoni wakati kifua kile kinapopanda kwa mara ya kwanza, utaelewa kwa nini kitu hiki duni kinafundisha.

Mwanasesere huyu alikuja pamoja na mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa Kenya na Pakistan. Majaribio hayo yaliacha onyo. Washiriki waliyafurahia, wakajibu maswali vizuri, wakajiamini zaidi, ila kazi ya ambu na barakoa wengi hawakuimudu sawasawa hadi walipofanya mazoezi ya ziada. Utafiti mwingine uliohusisha Eldoret pamoja na Nagpur na Belgaum za India, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuata washiriki baada ya mafunzo: ujuzi wa kupuliza hewa ulikuwa umepungua, na mafunzo ya kukumbushwa yakaurudisha.

Mfano wenye uzito kuliko yote unatoka kwa majirani zetu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, iliwafunza watumishi wake kwa siku moja mwaka 2010. Watafiti wakiongozwa na Hege Ersdal waliwapima baadaye. Kwa mwanasesere, walikuwa wameboreka sana. Kwa watoto halisi ndani ya chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Nawaomba wakuu wa vitivo wayasome matokeo hayo polepole, kwa sababu yanagusa kila warsha ya siku moja inayoishia kwa cheti na picha ya pamoja.

Haydom hawakuwatupa wanasesere. Waliwahamishia pale pale leba, wakapanga mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, mkunga kwa mkunga, katikati ya zamu. Estomih Mduma na wenzake waliandika matokeo mwaka 2015: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Na kuna jambo jingine ndani ya hesabu hizo. Watoto waliohitaji kupuliziwa hewa walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa wakiongezeka. Nalisoma hivi: wakunga walikuwa wanaanza mapema, na mtoto anayeshughulikiwa mapema mara nyingi hupumua mwenyewe.

Watu wa Kaptagat hawahitaji kuambiwa kwa nini siku moja haitoshi. Kila wiki wanawaona vijana wa kocha wa mbio Patrick Sang, Eliud Kipchoge akiwa miongoni mwao kwa miaka mingi, wakirudia barabara zilezile za vumbi kwenye mwinuko wa mita kama 2,400, mbio ndefu, mbio za kubadili kasi, juma baada ya juma, kwa ajili ya mashindano mawili tu kwa mwaka.

Mkunga wa zahanati naye ana mashindano machache. Piga hesabu. Tuseme zahanati yake inazalisha akina mama kumi kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Watoto wanaohitaji ambu ni kama 3 hadi 6 katika kila 100, basi huyo mkunga na wenzake watakutana na wanne hadi saba mwaka mzima. Wakiwa wauguzi watatu, kila mmoja atapata mmoja au wawili. Hakuna mkono unaobaki hodari kwa kazi unayoifanya mara mbili kwa mwaka, usiku, gizani.

Na usidhani hili ni jambo la pembezoni. Mwaka 2014, takwimu za kitaifa za Kenya zilionyesha asilimia 62 ya wanawake walizalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Mwaka 2022 walifika asilimia 89. Hayo ni mapinduzi. Lakini vifo vya watoto katika mwezi wa kwanza wa maisha vilitoka 22 hadi 21 tu kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Akina mama wamekuja hospitali kwa wingi kama tulivyowasihi. Sababu za vifo hivyo ni nyingi, uzito mdogo na maambukizi yakiwemo, lakini dakika ya kwanza iko mikononi mwetu kabisa.

Ndiyo maana naona Moi ina nafasi ambayo vyuo vingi havina. Mpango wake wa mafunzo ya kijamii, COBES, huwatoa wanafunzi Eldoret na kuwapeleka vituo vya afya mashinani, kwa awamu tano katika miaka yao ya masomo. Huko wanajifunza kuipima afya ya jamii na kufanya utafiti. Mwanasesere aliyekunjwa hana uzito wowote kwenye begi. Mwanafunzi anaweza kufanya zoezi la dakika tano pamoja na muuguzi wa kituo kila wiki anayokuwa huko, na katika zoezi hilo mwalimu atakuwa ni muuguzi, kwa maana yeye ndiye anayejua ambu imewekwa kabati gani na nani ana ufunguo.

Kisa chenyewe nacho kiandikwe huko huko. Kilichoandikwa mbali hakitakumbuka kwamba Kaptagat usiku kuna baridi ya kumwua kichanga aliyelowa, hivyo taulo la pili si pambo. Hakitazima taa. Hakitamweka nyanya wa mtoto mlangoni akiuliza kwa Kikalenjin kuna nini, huku mikono yako yote miwili ikiwa kwenye barakoa. Mambo hayo yaingie ndani ya zoezi, na zoezi likiisha watu waketi, waulizane bila kulaumiana: sekunde ngapi zilipita kabla ya pumzi ya kwanza, na tulizipoteza wapi?

Tanzania imekwisha kwenda mbele zaidi. Mpango wa Safer Births, ambao mazoezi mafupi ya mara kwa mara ni sehemu yake pamoja na vifaa na takwimu za kila kituo, ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Kwetu, kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet zina chuo kikuu, zina hospitali ya rufaa, zina wanafunzi wanaokwenda vijijini kila mwaka. Kinachotakiwa ni ratiba ya dakika tano kwa wiki, ibandikwe ukutani leba, na mtu wa kuisimamia.